Mwendo Wako Nilimpa Wakesho

Rodi Kopany,
Homa Bay.
Novemba, siku ya mvua.

Mama yangu mpendwa,

Kama barua hii imekukuta umesimama, tafuta kigoda ukae kwanza. Na kama kuna mtu hapo ndani, mtume akateke maji, maana hii ni ya macho yako peke yako. Miwani unayo? Haya, tuendelee.

Hujambo, Mama? Nyonga yako inasemaje na baridi hiyo ya milimani? Shangazi bado anakuja jioni kukusugua mafuta ya mbarika, au mmekosana tena kwa ajili ya kuku? Baba Mdogo aliacha kweli ile pombe aliyoniahidi ataiacha? Mimi mwili wangu ni mzima. Nasema mwili, kwa sababu moyo ni habari nyingine. Kula ninakula, kazi ikipatikana ninafanya, ila usingizi umenikimbia, na hata mchana kweupe mtu akinigusa bega kwa ghafla naruka kutoka kwenye kiti. Zamani wateja wangu wangecheka. Siku hizi hawacheki, na wenyewe wamepungua.

Barua yako nimeipata, ile ya kusema utakuja Desemba unione ninapoishi. Mama, usije. Najua unavyonuna ukikatazwa jambo, na ninajua utamwambia Shangazi kwamba mtoto wako amepata mwanamke huku anamficha. Laiti ingekuwa hivyo. Nimesema jambo juu yako mbele ya soko zima, na ukishuka hapa watu watakutambua kabla hujateremshiwa mzigo. Nina hofu na hicho kitakachofuata. Vumilia nikueleze tangu mwanzo, usije ukanilaani ukiwa katikati ya karatasi.

Unakumbuka nilihama Migori kwa sababu ya mitumba. Mpaka uko karibu, marobota yanaingia kila siku, na mtu akishapata shati la Ulaya kwa bei ya kikombe cha chai, fundi cherehani anabaki kushona vifungo. Huku Rodi Kopany angalau kuna sare za shule. Nimepanga baraza mbele ya mashine ya kusaga mahindi ya mtu anayeitwa Otieno. Ni mtu mzuri, mnene, mwenye kelele. Mimi nakaa na cherehani yangu hapo, unga unanipaka nyusi mpaka jioni ninakuwa mzee, na watu wanaosubiri kusagiwa wananiletea maneno yao yote.

Mwalimu Awuor, mama mmoja wa shule ya sekondari anayeniletea kazi ya sare, ndiye aliyenitia katika jambo hili. Aliona ninasoma kila karatasi iliyofungiwa sukari, akaniambia kuna kikundi chake kinakutana ukumbini baada ya ibada, watu wanajifunza kuandika hadithi fupi, na itakayopendeza itasomwa siku ya harambee ya kanisa. Mama, jioni za huku ni ndefu kwa mtu asiye na ndugu. Nikaenda.

Nilianza na askari. Nilimwita Inspekta Simba, mrefu, kifua kipana, haogopi mtu. Mwalimu Awuor alisoma ukurasa wa kwanza na wa pili akanirudishia.

"Fundi, huyu ni ile sanamu ya dukani pale Homa Bay," akasema. "Nguo imemkaa vizuri, lakini hapumui. Anataka nini?"

"Kukamata wezi."

"Hiyo ni kazi yake. Mimi nakuuliza yeye anataka nini, akiwa peke yake, amevua viatu."

Akatuambia sote kwamba mhusika mkuu wa hadithi fupi hana muda wa kuzoeleka, kwa hivyo lazima aingie na kitu mwilini ambacho msomaji hatakisahau, na kitu rohoni anachokitaka mpaka kinamfanya afanye mambo ya aibu. Msimpe sifa, alisema, mpeni njaa. Nilirudi kwenye cherehani yangu nikamchana yule inspekta, nikawashia makaa ya pasi.

Tangu siku hiyo nikaanza kuwatazama watu vingine. Fundi anajua miili, Mama. Nikizungusha futi najua bega gani limezoea mzigo, najua nani anakula na nani anadanganya anakula. Lakini njaa ya rohoni haipimwi kwa futi. Nilihangaika nayo kwa wiki kadhaa, nikikosea hata pindo za suruali.

Sasa nikueleze kitu cha huku. Kuna watu wanaoitwa jajuok, wakimbiaji wa usiku. Wazee wanasema si watu wa kuua. Ni watu wanaoshikwa na kitu giza likiingia, wanavua nguo, wanakimbia, wanarusha mchanga juu ya mabati, wanagonga milango ya watu na kutoroka. Mchana ni majirani wa kawaida wanaokuuzia nyanya. Inasemekana kitu hicho mtu hukinyonya kwa mama yake. Kila mtu anawaogopa, na hakuna anayejua kwa hakika ni nani. Nikaona hapo ndipo penye hadithi: nimchukue mtu ambaye wote wanamkimbia, nimwingize ndani mwao mpaka wamhurumie.

Nilimtunga mwanamke. Nilimwita Wakesho, jina la kwetu, makusudi, ili pasiwe na mtu huku mwenye jina hilo wa kusema nimemlenga. Unaona nilivyokuwa na busara. Kisha nikatafuta cha kumpa mwilini, na mkono ukaandika wenyewe. Nilimpa mwendo wako, Mama, ule wa kuinua mguu wa kushoto kama kwamba kuna dimbwi mbele yako hata ardhi ikiwa kavu. Nikampa tabia yako ya kugombeza kuku kwa majina ya jamaa waliokuudhi. Nikampa kucheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Nilicheka peke yangu nikiandika, nilikuwa nimekukumbuka sana.

Na alichokitaka pia nilikitoa kwako. Hapa ndipo ninapoomba ukae vizuri. Wakesho alikuwa amezaa mtoto wa kwanza ambaye hakulia. Wakunga walimpiga mgongoni, wakamwagia maji, hakulia, wakamfunga kitambaa wakaenda naye. Tangu hapo, Wakesho akisikia kuna mtoto mchanga mahali, miguu inampeleka. Anagonga mlango ili mtoto ashtuke na kulia. Akishamsikia, anakimbia. Hiyo ndiyo mbio yake yote.

Usimkasirikie Shangazi. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kulikuwa na mwingine kabla yangu. Wewe hukuwahi kunieleza na mimi sikuwahi kukuuliza, nikakaa nacho miaka yote hii, kisha nikakiandika kwenye karatasi za kupimia sare.

Hadithi ilisomwa siku ya harambee. Niliisoma mwenyewe. Adhiambo, mke wa Otieno, alikuwa mbele kabisa na mtoto mchanga mapajani, akalia waziwazi bila kujifuta. Mwalimu Awuor aliniambia sikioni, "Sasa anapumua." Nilitoka pale kichwa kimevimba, nikanunua soda mbili nikazinywa zote.

Kesho yake wakaanza.

"Fundi, huyo mama anakaa upande gani?"

"Hayupo. Nimemtunga."

"Ah, yawa! Kutunga ni jina umetunga. Mtu mwenyewe ndio tunauliza."

Nilidhani ni mzaha. Nikawaeleza kwa upole jinsi mhusika anavyotengenezwa, kwamba mguu unatoka kwa huyu, kicheko kwa yule, na huzuni mahali pengine, halafu unavishona pamoja. Wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Ona, anajua mpaka vile anachekanga." Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kuamini. Kama ningeandika vibaya wangenicheka tu na kusahau. Inspekta Simba hakuna ambaye angemtafuta.

Sokoni hapa kuna mama mtu mzima anayeuza omena, dagaa wa huku, na samaki wakavu karibu na lango. Wanamwita Nyar Karungu, maana yake binti wa Karungu, huko ziwani alikozaliwa. Mume alikufa, watoto hana. Tangu gugu maji lifunge ziwa, samaki wake anawafuata mbali, na yeye mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo. Mama, nakuapia sikuwa namfikiria yeye. Kuburuta si kuruka dimbwi, fundi yeyote angeona tofauti, ila watu hawakuwa na habari ya kupima. Nilikuwa nimewahi kumshonea gauni, nikampima. Nimejiuliza tangu hapo kama mikono yangu ilikumbuka kitu ambacho mimi sikukijua. Sijui.

Hapo bado ilikuwa minong'ono. Watoto wakawa wanamwiga wakitoka shule, wanawake wakahama kwenda kununua omena kwingine. Kisha nikaenda Rangwe kupima kwaya majoho yao, nikalala huko kwa katekista, na niliporudi nikakuta Adhiambo anawasimulia watu kwenye mashine kwamba usiku ule mlango wake uligongwa. Kishindo kimoja kikubwa, mtoto akaruka akalia, halafu nje wakasikia mtu akikimbia. Hakuna aliyenitazama, wote walitazama lango la soko.

Siku ya pili mtoto akashikwa na homa, macho yakageuka, mwili ukakakamaa. Adhiambo akamkimbiza hospitali kule Homa Bay. Unapaswa kujua, Mama, kwamba huku tunazika watu kila mwisho wa wiki. Vijana, wenye nguvu zao, mume leo, mke mwezi ujao. Wanaojua wanautaja ukimwi kwa sauti ya chini, na wasiotaka kuutaja wanatafuta mtu wa kulaumu. Watu wamechoka kuzika bila kumwona aliyewakosea. Ndiyo maana siku ya soko nilipoona wanaume wamesimama kundi moja mbele ya mashine, na mashine imezimwa ingawa foleni ni ndefu, niliacha kukanyaga cherehani.

"Fundi, toka hapo kwa cherehani," Otieno akasema. Hakuwa na kelele zake. "Wewe ndio uliandika. Sema ni yeye, tumalize hii maneno."

Nilitoka. Kijana mmoja alikuwa na jerikani. Sikuuliza lina nini, harufu ya petroli iliniambia. Nyar Karungu alikuwa amekaa nyuma ya samaki wake, anafukuza nzi, hakuinuka, hakukimbia. Angekimbilia wapi na mguu ule?

"Si yeye," nikasema.

"Kwa hivyo kuna mwenyewe," mzee mmoja akadakia. "Umesema si yeye. Kuna mwenyewe."

Mama, nilitaka kusema hakuna. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimelisema wiki nzima na halikumsaidia mtu, na jerikani lilikuwa limeanza kutembea kuelekea langoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ni mama yangu. Mama yangu mzazi, kule Taita. Niliyemwandika ni yeye."

Yule mzee akanikaribia mpaka nikaona kila unywele wa kidevu chake. "Mama yako anatembeaje?"

Basi nikatembea. Pale katikati ya soko, mbele ya mafungu ya viazi na wanawake wenye vikapu, nilitembea mwendo wako. Niliinua mguu wa kushoto nikaruka dimbwi ambalo halipo, nikatua, nikaruka jingine. Nikamgombeza kuku kwa jina la Baba Mdogo. Nikacheka nikiziba mdomo. Machozi yalikuwa yananitoka, na nafikiri ndiyo yaliyowaaminisha. Niligeuka mwisho wa mafungu ya viazi nikarudi vilevile, na hakuna aliyenikatiza.

"Ni kweli," mzee akasema. "Hakuna mtu anaweza singizia mama yake hii kitu. Hata mwenda wazimu hawezi."

Wakakubali wote. Kwao lilikuwa jambo la wazi: mtu anaweza kutunga chochote duniani, ila hawezi kumtungia mama yake hilo. Nikaona kijana akiliweka jerikani chini, na nilitaka kukaa pale pale kwenye vumbi.

Lakini sikufikiri mpaka mwisho, Mama. Nilisahau kuhusu maziwa.

"Ngoja," Otieno akasema polepole. "Kama ni mama yako, basi na wewe ulinyonya. Ni wewe uligonga kwangu?"

Kundi likageuka. Nimeogopa mara nyingi maishani, mbwa, mitihani, mto ukifurika, lakini sijawahi kuona macho ya watu ninaowafahamu kwa vipimo vya shingo zao yakinitazama hivyo. Wengine walikuwa wamevaa mashati niliyoshona. Yeye mwenyewe Otieno ndiye aliyeniokoa, kwa sababu ni mtu wa haki hata akiwa na uchungu. Alikunja uso, akasema, "Hapana. Hiyo siku alikuwa Rangwe. Mimi mwenyewe nilimpandisha gari na vitambaa vyake." Alilisema kama mtu aliyevunjika moyo. Wakaanza kubishana kama mtu wa aina hiyo anaweza kukimbia kutoka Rangwe akarudi kabla ya asubuhi, na kuna waliosema anaweza.

Sijui wangefikia wapi. Gari la kutoka Homa Bay likasimama barabarani, Adhiambo akashuka, mtoto yuko kifuani. Daktari alisema ni malaria imepanda kichwani, wakamtundikia maji na dawa, akazinduka. Alikuwa hai, na alikuwa analia kwa sauti iliyofika kila kona ya soko. Otieno alimkimbilia mkewe mbio, tumbo likitangulia. Wanaume wakatawanyika mmojammoja bila kutazamana.

Mimi nilitazama langoni. Nyar Karungu alikuwa ameacha kufukuza nzi. Kichwa ameinamisha upande mmoja, mikono imetulia mapajani, anasikiliza.

Sasa hali yangu ni hii. Hakuna aliyenigusa. Otieno hajanifukuza barazani, ila hanisalimii kwa jina. Wanawake wenye watoto wachanga wakinipita wanawafunika nyuso. Juzi nilikuta mtu amemwaga majivu kwenye kiti changu, sikujua maana yake na sikuthubutu kuuliza. Vijana wamesema kwa sauti, wakijua nawasikia, kwamba watakuwa wanaangalia mlango wangu nikiingia na nikitoka. Mwalimu Awuor alikuja kuniambia nihame, nirudi hata Migori, atanisaidia kubeba cherehani. Nilikaribia kukubali. Nilikuwa nimeshafunga futi na mkasi kwenye mfuko.

Halafu Nyar Karungu akaja. Ilikuwa alasiri, mvua kubwa, soko tupu, mashine imezimwa. Alileta gauni lililofumuka kwapani, lile lile nililomshonea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, maji yakimtiririka, akanitazama nikitafuta uzi.

"Fundi," akasema, "nani alikuambia?"

"Aliniambia nini, Mama?"

"Hiyo maneno ya mlango. Mimi sijawahi ambia mtu. Bwana yangu alikufa bila kujua."

Nilidhani sikusikia vizuri kwa ajili ya mabati, lakini alikuwa amenikazia macho, anangoja jibu. Nikamwambia hakuna aliyeniambia. Nikamwambia ukweli, kwamba nilitafuta tu mtu mwenye njaa ya rohoni, nikaazima ya kwako na ya yule mtoto wako wa kwanza.

"Mimi sikutaka kitu mbaya," akasema. "Natakanga tu kusikia. Ikilia, naenda nalala. Yangu walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja alilia. Hiyo nyumba ya Adhiambo sikupiga mlango nguvu vile anasema. Na homa si yangu, fundi. Homa ni ya mbu."

Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini nywele zilinisimama, Mama, nilipomtazama pale akiwa mama wa kawaida mwenye harufu ya samaki, huku nikijua yale niliyoyaandika aliyafanya kwa miguu yake. Nilimsihi asirudie. Alisema atajaribu. Alisema alikuwa anajaribu hata kabla sijazaliwa.

Kwa hivyo siwezi kuhama. Nikiondoka, macho yatarudi langoni, na safari hii hakutakuwa na mtu wa kusema si yeye, kwa sababu ni yeye. Nikiwa hapa wananitazama mimi. Mlango ukigongwa tena mahali, watakuja kwangu kwanza, na huenda sitakuwa Rangwe. Hilo ndilo ninalolala nalo. Naogopa, sitakuficha. Naogopa jua likishuka, naogopa nikisikia kuna mwanamke amejifungua, hata pongezi nashindwa kutoa. Krismasi sitakuja nyumbani, na wewe usije huku. Walishauona mwendo wako. Mimi ndiye niliyewaonyesha, tena kwa ustadi, na ningekuwa fundi mbaya zaidi leo ungekuwa unafunga mizigo yako.

Nisamehe kwa jina lako nililolichafua kwa watu usiowajua. Nisamehe zaidi kwa yule mtoto. Nilimtoa mahali ulipomweka nikampeleka ukumbini mbele ya watu waliokuja kuchangia mabati ya kanisa. Lakini nikikuambia najuta yote nitakuwa nakudanganya, na wewe unanijua nikidanganya hata kwa maandishi. Jerikani lile liliwekwa chini kwa sababu yako.

Nisalimie Baba Mdogo, na umwambie kuku wa huku hawana adabu kama wake. Nisalimie Shangazi, na usigombane naye kwa alichonieleza, alikieleza akilia. Dada yangu na mume wake wasijue habari hii, waambie tu kazi ni nyingi. Jirani yetu wa bondeni, yule aliyenifundisha kutia uzi kwenye sindano, mwambie mikono bado inamkumbuka.

Wa mwisho kukusalimu ni Nyar Karungu mwenyewe. Anajua nakuandikia, amekaa hapa barazani anangoja mvua iishe, na amenikataza nisifunge bahasha mpaka niandike swali lake jinsi alivyolisema. Anauliza: wewe hukukimbia, hukugonga mlango wa mtu, sasa ile kimya ya mtoto wako uliipeleka wapi? Anasema amezeeka na angependa kupajua.

Mimi mwanao,
Mwadime.